Unga Viganjani mwa Oliva

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa beseni la bati, kipande cha sabuni ya mche na jezi saba zilizoganda matope. Ndiyo kazi niliyoandikiwa: mfua jezi wa timu ya wanawake ya ghala la tumbaku, hapa Songea. Katibu wa Michezo wa ghala, mzee aliyevaa kaunda suti hata siku ya mvua, alinitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba, akauliza, "Binti, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tatu, Mzee."

"La tatu!" Akawageukia makarani wake. "Basi jezi zitamfundisha. Zina herufi mgongoni."

Wakacheka. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilibeba beseni langu nikaenda bombani. Nasema haya ili ninyi vijana wa leo, mnaokwenda vijijini na mpira kwapani na cheti mfukoni, mjue kwamba anayewaandikia hakupewa kazi hii na mjomba. Nilipanda kutoka kwenye povu la sabuni. Na kwa kuwa nilipanda mwenyewe, nilianguka mwenyewe, na nitawaambia nilivyoanguka na niliyemwangukia.

Mpira wa pete una watu saba kila upande. Kila mmoja amevaa herufi zake, na herufi hizo humwambia mwamuzi mchezaji anaruhusiwa kufika wapi. GS na GA ndio wafungaji. GK analinda pete na hatoki theluthi yake. C, tuliyemwita senta, anazunguka uwanja mzima isipokuwa zile nusu duara mbili za kufungia. Mimi nilijifunza yote hayo kwa uchafu wa nguo. Jezi ya GK ilikuwa inachanika kwapani kwa kunyoosha mikono. Ya senta niliijua hata ikiwa ndani ya maji, maana ndiyo iliyolowa jasho kuliko zote na ndiyo iliyokula sabuni. Mpira wote unapita kwake.

Msimu uliofuata nikawa mchora uwanja pia. Miaka ile maduka yalikuwa na rafu tupu na chokaa ilikuwa hadithi, kwa hiyo nilichekecha majivu ya jikoni, nikayachanganya na maji kidogo, nikachora mistari kwa kopo lililotobolewa. Vipimo nilivishika kwa kamba yenye mafundo. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia mstari wangu umepinda.

Filimbi niliipata Jumamosi moja mwamuzi alipokosa kufika. Katibu akauliza nani anazijua sheria. Wachezaji wote wakaninyooshea kidole mimi.

"Huyu wa beseni?"

"Huyu huyu, Mzee."

Kosa la kwanza nililopuliza lilikuwa la kapteni wetu mwenyewe, aliyetembea na mpira mkononi. Baada ya mchezo Katibu akaniita pembeni. "Umewaadhibu watu wako."

"Nimeadhibu mguu, Mzee. Mguu hauna timu."

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Jumatatu yake niliacha kufua jezi.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yakajaa, na maghala yakafungwa. Wakubwa waliliita zoezi hilo kupunguza wafanyakazi. Katibu ndiye aliyesoma orodha ya majina mbele ya ghala, na jina lake lilikuwa la mwisho kwenye karatasi. Alilisoma kwa sauti ile ile aliyosomea mengine, akaikunja karatasi, akaenda kukaa kwenye ngazi. Timu ilikufa siku hiyo. Nilihamia Msamala, mtaa wa hapa hapa mjini, nikauza vitumbua asubuhi, na jioni nikakusanya mabinti wa mtaani kwenye kiwanja cha shule. Hakuna aliyeniajiri. Ningekaa tu ningekufa kwa hasira.

Na ugonjwa nao ulikuwa umefika. Mjini watu walisema fulani amekanyaga miwaya, yaani ameupata, wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Katika wale saba niliokuwa nawafulia jezi nilizika wanne. Kwa hiyo mradi mmoja wa wafadhili ulipokuja kutafuta watu wanaoweza kukusanya vijana kwa mpira, ili vijana hao wafundishwe kuhusu UKIMWI, sikuuliza wana nini mfukoni. Niliuliza lini tunaanza.

Mkubwa wetu alikuwa Mratibu, dada mdogo kutoka Dar es Salaam, msomi, mwenye miwani na heshima. Si mtu mbaya, na sitaki mtu amsome hapa kama mtu mbaya. Mimi walinipa cheo cha mwezeshaji. Vijijini waliniita Mwalimu tu, na hilo lilinitosha. Darasa la tatu, nikaitwa Mwalimu!

Njia yetu ya kazi ilikuwa hivi. Tunacheza kwanza. Watu wakishakusanyika na damu imechemka, unasimamisha mchezo na kutoa somo kwa mpira wenyewe. Somo lenye nguvu kuliko yote lilikuwa zoezi la chaki. Kabla ya kuanza, unampaka mchezaji mmoja chaki ya rangi viganjani kwa siri. Wanasimama duara, wanapasiana mpira kwa kasi, unapuliza filimbi, unasema, "Onyesheni viganja." Kila mtu ana rangi, na hakuna anayejua ilianzia kwa nani. Ndipo unawaambia: ugonjwa huu hauonekani kwa macho, usimhukumu mtu kwa sura, kapime. Mjini watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa bingwa wa zoezi hilo. Mratibu aliwaleta wenzangu kunitazama.

Nilipangiwa Maposeni, kule kwenye mahindi, karibu na Peramiho. Timu ya mabinti niliyoiunda pale ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuwa nayo, na uzuri wake ulikuwa senta wake, Oliva. Alikuwa na miaka kumi na tisa, miguu mirefu na mdomo usiopoa. Nikimpulizia kosa alikuwa anasema, "Mwalimu, filimbi yako ina wivu." Barua yake ya posa ilikuwa imeshapokelewa, kutoka kwa familia ya kijana fundi seremala ng'ambo ya kijito. Wenzake walimtania kwamba akiolewa atawapasia hata sufuria.

Siku ya zoezi kijiji kizima kilikuja. Lakini njiani mvua ilikuwa imeingia kwenye pikapu ya mradi, na nilipofungua kopo la chaki nikakuta uji. Jirani na kiwanja alikaa Bibi Otilia, mjane, mtu wa maneno machache. Nikaenda kwake.

"Shikamoo, Bibi. Naomba unga kikombe kimoja."

"Marahaba. Unga saa hizi? Unapika uwanjani?"

"Wa kupaka mikononi, kwa ajili ya somo."

Akarudisha ungo chini. "Mwanangu, hapa watu hawapakwi unga. Yule mganga aliyepita mwaka juzi alikuwa anawapaka watu unga viganjani, halafu anawaambia wakung'ute. Aliyegandwa na unga ndiye mchawi. Watu wawili walihama hapa. Chukua majivu, yako tele jikoni."

Sasa sikilizeni kosa langu. Majivu niliyajua kuliko mtu yeyote, nilikuwa nimechorea viwanja nusu ya maisha yangu. Lakini mabinti walikuwa wamevaa jezi mpya nyeupe za mradi, na mimi niliyefua jezi za watu najua jivu lenye jasho halitoki kirahisi. Unga hukung'utwa ukaisha. Hayo ndiyo niliyoyawaza, jezi!

Nikamjibu, "Bibi, majivu yatachafua nguo. Na hii ni elimu, siyo uganga."

"Na nani alikwambia mganga naye hasemi hivyo?" Akanipimia unga bila neno jingine.

Nilimpaka GK kwa siri. Wakasimama duara, mpira ukaenda. Mchezaji mwenye haraka ndiye anayeupokea mara nyingi, na mchezaji mwenye jasho ndiye anayeshikwa na unga. Oliva alikuwa vyote viwili. Nilipopuliza na kusema waonyeshe viganja, wenzake walikuwa na vumbi tu kwenye vidole. Viganja vyake Oliva vilikuwa vyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Akavikung'uta huku akicheka. Unga haukutoka. Ulikuwa umeshika jasho ukawa ugali.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mbele alisimama, akavaa kofia yake, akaondoka. Wanawake wakaanza kuwaita binti zao. Mimi nikatoa somo langu lote, neno kwa neno, na kwa kuwa walikuwa kimya nilidhani wameelewa. Kwenye ripoti niliandika kwa mkono wangu kwamba wananchi waliguswa sana.

Niliporudi baada ya majuma mawili, nilikuta wachezaji kiwanjani na Oliva amekaa nje ya mstari, jezi ameikunja mapajani.

"Kuna nini?" nikawauliza.

Wakatazamana. GK, yule yule niliyempaka mimi, akasema, "Mwalimu, mpira alioushika yeye sisi hatuushiki."

"Unga nilikupaka wewe!"

"Mimi ulinitoka, Mwalimu. Kwake ulikataa kutoka."

Nilikwenda nyumbani kwao. Mama yake alikuwa anapukuchua mahindi, hakusimama. Kikombe cha Oliva kilikuwa kimetundikwa peke yake kwenye mti wa uani, na aliyekitundika hakuwa mama yake, alikuwa shangazi aliyekuja kuwasalimu. Familia ya seremala ilikuwa imeidai barua yake ya posa. Mama akaniambia, "Mwalimu, umempaka mwanangu."

Nilimchukua Oliva nikampeleka hospitali ya misheni akapimwe. Siku zile damu ilitolewa leo na jibu ukalisubiri siku nyingi, na siku hizo zote aliendelea kuchota maji bombani wa mwisho, baada ya kila mtu. Jibu likaja: mzima. Daktari alituandikia karatasi yenye muhuri. Oliva aliifunga kwenye pindo la kanga, akatembea mbele yangu njia nzima, hata sikuweza kumfikia.

Tulikwenda moja kwa moja kwa baba wa yule seremala. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu, akaisoma, akairudisha. "Mwalimu, sikubishii. Lakini karatasi anaandika mtu. Unga haukuandikwa na mtu."

Nikarudi Songea, nikamweleza Mratibu kila kitu. Nikamwomba twende naye Maposeni, tuitishe mkutano, tuseme hadharani kwamba mradi umekosea. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Mama, wafadhili wanakuja mwezi ujao kuangalia zoezi hilo hilo. Tukisema limemharibia mtu, watafunga. Vijana wote watakosa kwa ajili ya mmoja."

"Huyo mmoja ana jina, Mratibu."

"Najua. Subiri waondoke. Nakuahidi tutakwenda."

Nikasubiri. Msitafute mwingine wa kumlaumu, filimbi ilikuwa shingoni mwangu. Niliogopa kurudi kwenye vitumbua. Niliogopa kuacha kuitwa Mwalimu. Wageni walikuja, nikawafanyia zoezi pale Msamala kwa chaki nzuri ya buluu, wakapiga picha. Wakaondoka. Masika yakaingia, pikapu ikaharibika, barua zikaandikwa. Tulipofika Maposeni mahindi yalikuwa yameshabeba.

Mratibu alitimiza ahadi, lazima niseme. Aliomba radhi mbele ya watu, amesimama kwenye tope na viatu vya mjini. Kisha mimi nikatoa unga na kuwaomba wazee wote wanyooshe mikono, tuushike mpira pamoja, waone unavyomshika yeyote mwenye jasho. Wazee wakaficha mikono nyuma. Bibi Otilia peke yake ndiye aliyenyoosha yake. Tulipasiana mpira mimi na yeye, wanawake wawili tumesimama katikati ya uwanja, na hakuna aliyecheka.

"Na Oliva yuko wapi?" nikamwuliza.

"Ameondoka kabla ya Pasaka. Kwa mama yake mdogo, Nalasi."

Miaka mitano baadaye mradi ulipanuka, nikahamishiwa Tunduru. Nilikubali kwa sababu Nalasi iko huko. Watu wa kule ni wakulima wa korosho, Waislamu wengi, wakarimu, na mabinti wao walicheza wamefunga ushungi na hawakukosea pasi. Siku yangu ya pili pale nilimpata Oliva kwenye nyumba yenye mkorosho uani. Alikuwa ameolewa na mnunuzi wa korosho, mmoja wa wale walioingia na soko huria, leo yuko huku, msimu ukiisha hayupo. Alipokuja kunipokea mzigo niliona mkono wake ulivyokonda. Nilikuwa nimezika wanne, naujua mkono wa namna hiyo.

Tulikaa jamvini. Alinimiminia chai kwenye kikombe kizuri, yeye akanywea cha plastiki. Nikabadilisha vikombe, nikanywa kwenye chake. Akanitazama.

"Bado una ubishi, Mwalimu."

"Na mume wako mlipima?"

"Huyu hakuniuliza chochote. Ndiyo maana nilimpenda. Na mimi sikumwuliza." Akakohoa, akasubiri kifua kitulie. "Nyumbani walisema ninao wakati sina. Huku ninao, hakuna anayesema. Nikicheka peke yangu wananiona mwehu."

"Nisamehe, Oliva."

"Ulinikosea siku moja, Mwalimu. Lile la unga nilishalisamehe, hata mimi nilicheka. Kusubiri kwako ndiko sijui kama nimekusamehe." Alisema bila hasira, kama mchezaji anayemweleza mwenzake pasi ilipopotea. Kisha akaniambia alichotaka. Akifa arudishwe Maposeni, na mimi nisimame pale niseme kwamba karatasi ile ilikuwa ya kweli. "Wajue nilitoka kwetu nikiwa mzima. Basi. Hilo tu."

Niliahidi. Alifariki kabla ya korosho za msimu ule kukauka. Yule mnunuzi hakuonekana. Tulimsafirisha kwa lori la mazao, mimi na mama yake mdogo, siku mbili za barabara mbaya.

Kwa wasiojua mila yetu, msiba wa huku una watani. Ni watu wa ukoo au kabila jingine walio na ruhusa ya kufanya mzaha hata juu ya jeneza, kumwigiza marehemu alivyotembea, alivyosema, alivyokunywa pombe. Wanalegeza huzuni, na ni mwiko kumkasirikia mtani. Padre alipomaliza na watu wakawa wamekaa, nilivuta pumzi nisimame. Kabla sijasimama, mtani mmoja, mwanamume mzima, akaruka mbele. Alidunda mpira usiokuwepo. Alikimbia kama Oliva, kweli kabisa, mpaka watu wakaanza kutabasamu. Halafu akachovya mikono kwenye unga uliokuwa umeandaliwa kwa chakula cha waombolezaji, akaviinua viganja vyote viwili juu, akavikung'uta, akavikung'uta tena.

Watu walicheka kama wanavyocheka kwenye kila msiba. Na ndani ya kicheko nikamsikia mzee mmoja akimwambia jirani yake, bila ubaya, kama anayetaja mvua, "Unga haukukosea."

Nilisimama. Nikasema alipimwa akaonekana mzima, nikataja karatasi, nikasema ugonjwa aliupata baadaye, mbali, kwa sababu walimfukuza. Nilipaza sauti niliyozoea kupazia viwanja. Mama yake Oliva akaja polepole, akanishika mkono, akanikalisha.

"Mwalimu, usiseme tena," aliniambia sikioni. "Kila ukisema, wanakumbuka unga. Nyamaza nimzike."

Nikanyamaza. Toka siku ile sikusema tena, Maposeni wala pengine, maana mwenye mwana alikuwa amenikataza.

Mradi ulifungwa fedha za wafadhili zilipokwisha. Mratibu alirudi Dar es Salaam, aliniandikia mara mbili. Mimi nilibaki kwenye kamati ya michezo ya kata mpaka magoti yalipogoma, nikastaafu, na sasa ninalima nyuma ya nyumba yangu hapa Msamala. Nina mabinti niliowafundisha ambao leo ni wauguzi, walimu, mmoja ni diwani, na ninajivunia kila mmoja, msidhani nimejaa majuto tu. Vijana wa miradi mipya hunijia kunisalimia. Husema mpira ni chombo cha maendeleo. Ni kweli. Jembe nalo ni chombo, na linakata mguu wa aliyelishika na wa aliyesimama karibu. Nikiwaambia wawaulize wenyeji kabla ya kuanza zoezi, wanaandika kwenye madaftari. Nikiwaambia wakikosea waende siku hiyo hiyo, kwa miguu kama gari hakuna, wanaacha kuandika.

Mama yake Oliva tulimzika mwezi uliopita, kando ya mwanawe. Hakuna tena wa kunikataza. Basi ninyi wa Maposeni mliokuwepo uwanjani, na watoto wenu mliowasimulia: Oliva alipimwa baada ya siku ile, akaonekana mzima, na karatasi ilikuwa ya kweli. Alitoka kwenu akiwa mzima. Unga niliuleta mimi.